Nani anamuua nyani wa Rasi ya Tumaini Jema?

*Watalii hupanda hadi kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Afrika kutazama bahari. Wanaondoka na picha, na makombo wanayoyaacha hulipiwa na mnyama.*

Mlango wa nyuma wa gari dogo jeupe haukuwa umefungwa kwa kufuli, na dume alilijua hilo kabla ya mwenye gari. Alilizunguka gari bila haraka, akashika kitasa, akavuta, akaingia. Alikaa kitako kwenye kiti kama abiria aliyelipa nauli. Alipotoka alikuwa na pakiti ya krispi mdomoni na nusu mkate kwapani.

Hapa ni kwenye maegesho ya Cape Point, chini ya mnara wa zamani wa taa. Upepo ulikuwa wa kumng'oa mtu kofia. Mama mwenye gari alipiga ukelele, waliomzunguka wakatoa simu. Askari wa kuwafukuza nyani alikuja mbio kutoka upande wa mgahawa, fimbo mkononi. Dume aliruka hadi juu ya ukuta wa mawe, akaketi, akaanza kuipasua pakiti kwa meno, taratibu, huku akimtazama askari kwa jicho la pembeni.

Kijana mmoja aliyekuwa akila tufaha alitaka picha ya uso. Nyani alikuwa amempa mgongo. Basi kijana alilirusha lile tufaha lililobaki, nyani akageuka, picha ikapatikana.

Kuwalisha nyani ni kosa kisheria hapa, na mabango yanayosema hivyo yamesimamishwa kila kona ya rasi hii. Kijana hakukamatwa. Alirudi kwenye basi lake na wenzake wakaendelea na safari ya kwenda kuwaona pengwini. Atakayeshitakiwa siku moja ni nyani, na hukumu anayoweza kupewa ni sindano.

«Atakayeshitakiwa siku moja ni nyani, na hukumu anayoweza kupewa ni sindano.»

Mwisho wa barabara

Kutoka katikati ya jiji la Cape Town hadi hapa ni karibu kilomita 70, ukipita Muizenberg, Fish Hoek na mji wa kijeshi wa Simon's Town, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto sehemu kubwa ya njia kuanzia Muizenberg. Langoni utadaiwa kiingilio ambacho si cha mchezo. Hata hivyo, Mtanzania mwenye pasipoti mkononi hulipa kiwango cha nchi za SADC, ambacho ni nafuu kuliko cha mgeni wa mbali. Mkongomani naye yumo. Mkenya atalipa sawa na Mjerumani, na akalalamike Nairobi.

Ndani ya lango kuna hifadhi ya takribani hekta 7,750. Ilianza kulindwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1998 ikaunganishwa katika hifadhi ya taifa ambayo leo inaitwa Table Mountain. Mwaka 2004 UNESCO iliiorodhesha kama sehemu ya urithi wa dunia kwa sababu ya mimea yake. Mtu aliyezoea misitu ya Usambara atashangaa, maana miti karibu hakuna. Kuna vichaka vya kufika magotini na viunoni, vigumu, vyenye majani membamba, ambavyo wenyeji huviita fynbos. Ukivitazama kutoka barabarani utadhani ni pori la mbuzi. Ukishuka na kuinama utaona maua, na aina za mimea humu ndani zinazidi 1,000.

Wanyama wapo, lakini usitegemee Serengeti. Udongo ni mchanga mkavu usiolisha makundi makubwa. Utaona mbuni wakitembea ufukweni, jambo ambalo macho hukataa kuliamini mara ya kwanza. Utaona pofu, pundamilia wa milimani, na swala mwenye uso mweupe aitwaye bontebok ambaye aliponea chupuchupu kutoweka duniani.

Wageni wengi hupiga picha mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema chenyewe, chini kabisa kwenye mawe, ambako watu hupanga foleni. Kibao kinasema hapo ni ncha ya kusini-magharibi kabisa ya bara la Afrika. Nusu ya wanaopanga foleni wanaamini wamefika mwisho wa Afrika. Mwisho wa Afrika uko Cape Agulhas, karibu kilomita 150 kusini-mashariki, mahali pa kawaida ambapo hakuna genge refu la kumtisha mtu wala foleni.

Pa pili ni juu, kwenye mnara wa taa wa mwaka 1860, ambao ni funzo la uhandisi peke yake. Waliojenga waliuweka juu sana, zaidi ya mita 230 kutoka usawa wa bahari, ili uonekane mbali. Waliusahau ukungu. Mawingu ya rasi hii hukaa katika kimo hichohicho, hivyo usiku mbaya, wakati nahodha anahitaji taa kuliko wakati mwingine wowote, taa ilikuwa ndani ya wingu. Aprili 18, 1911, meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows hapo chini. Ndipo mnara mwingine ukajengwa kwenye ncha ya mwisho, mita 87 tu juu ya maji, ukaanza kazi mwaka 1919. Unauona ukiegemea ukuta wa ule wa zamani, mdogo, mweupe, umening'inia pembeni mwa jabali.

Kundi la Da Gama

Msomaji wa pwani yetu ana deni la zamani na rasi hii. Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488, na mwaka 1500 akafa maji katika bahari hizihizi akiwa kwenye msafara wa Cabral. Vasco da Gama aliipita Novemba 1497, na ilipofika Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako hakupokewa vizuri, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha kwenda Bara Hindi. Yaliyofuata kwa Kilwa na Mombasa tuliyasoma shuleni.

Ndani ya hifadhi kuna misalaba miwili, mmoja wa Dias na mwingine wa Da Gama. Wageni huidhani ni kumbukumbu tu, kumbe ina kazi. Baharia akiiona imenyooka mstari mmoja, anajua mstari huo unaelekea kwenye mwamba wa Whittle, uliojificha chini ya maji katika ghuba ya False Bay. Malindi nako nguzo ya Da Gama imesimama kwenye rasi yake, haina mwamba wa kuonyesha.

Simon's Town nako kuna mtaa wa nyumba za wanamaji uitwao Da Gama Park, na nyani wanaozunguka mtaa huo, katika ramani za watafiti na katika taarifa za jiji, wanaitwa kundi la Da Gama. Wanapanda mapaa, wanaingia jikoni, wanachukua wanachokitaka. Sijui aliyewapa jina hilo alicheka kiasi gani.

Mji huohuo unatugusa kwa njia nyingine. Karne ya 19, Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliajiri mabaharia kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, waliojulikana kama Seedies, na baadhi yao walihudumu katika kituo cha Simon's Town. Mabasi ya watalii hayasimami kwa ajili yao.

Kisiwa kisicho na maji kaskazini

Nyani wa hapa ni wa jamii ya chacma, wakubwa kuliko wale wa njano wa Mikumi na Amboseli. Dume mzima huvuka kilo 30, na meno yake ya chonge ni marefu kuliko ya simba kwa kulinganisha na mwili wake. Katika rasi nzima wanakadiriwa kuwa mia tano hivi au zaidi kidogo, wamegawanyika katika makundi. Mia tano si wachache, na chacma kama jamii hawamo hatarini kusini mwa Afrika. Hoja hiyo utaisikia mara nyingi kutoka kwa waliochoka nao.

Lakini hawa wamefungiwa. Mji umekua ukakata njia zote za kuwaunganisha na nyani wa milima ya bara. Hakuna dume anayeingia kutoka nje, hakuna anayetoka akafika salama. Magharibi bahari, mashariki bahari, kaskazini nyumba na barabara kuu.

Humo walimofungiwa, sehemu nzuri zimechukuliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao wamewafuatilia nyani hawa kwa miaka mingi kwa mikanda ya shingoni yenye vifaa vya kuonyesha walipo, waligundua kuwa nyani akiachiwa achague, huchagua ardhi ya chini, karibu na maji, kwenye udongo wenye rutuba. Binadamu naye akiachiwa achague, huchagua hapohapo. Aliyekuwa na bunduki na hati ya kiwanja alishinda. Nyani akabakiwa na miteremko ya mawe na mchanga.

Wapo wanaoishi bila kuomba mtu kitu. Ndani ya hifadhi, maji yakipwa, utabahatika kuona kundi likishuka kwenye mawe ya ufukwe. Niliwaona asubuhi moja, majike na watoto, wakitembea juu ya mwani kwa uangalifu wa mtu mwenye viatu vipya. Jike mmoja alibandua chaza kwa meno, akakinyonya, akatupa gamba, akahamia jiwe la pili. Mtoto mgongoni alinyoosha mkono kutaka, hakupewa. Hii ni tabia adimu kwa nyani duniani. Wataalamu wanasema chakula cha baharini ni sehemu ndogo tu ya mlo wao, kilichobaki ni mizizi, mbegu na maua ya fynbos, kazi ya kutwa nzima ya kuchimba na kumenya.

Hesabu ya nusu mkate

Sasa weka nusu mkate pembeni ya kazi hiyo. Nyani anayechimba vitunguu pori kuanzia asubuhi hadi jioni anapata kwa jasho kile ambacho mwenzake amekipata kwa dakika moja kwa kufungua mlango wa gari. Aliyejifunza hawezi kusahau, na mtoto wake anajifunza kwa kumtazama.

Madume ndio huongoza uvamizi. Ni wakubwa, hawaogopi, na mahitaji yao ya chakula ni makubwa. Dume akishazoea hupoteza woga, kisha hupoteza subira. Mwanzo anachukua kilichoachwa mezani, baadaye anachukua kilicho mkononi mwako. Ukimnyang'anya, anakuonyesha meno. Hapo faili lake linafunguliwa.

Aliyejulikana kuliko wote aliitwa Fred. Alikuwa dume wa kundi la Smitswinkel Bay, kwenye barabara hii inayokuja Cape Point. Kila gari la watalii liliposimama, Fred alijaribu vitasa kimoja baada ya kingine. Picha zake akiwa ndani ya magari zilizunguka dunia nzima na watu walizicheka. Mwaka 2010 alijeruhi watu. Machi 2011 alikamatwa na kudungwa sindano. Wakuu walieleza kuwa hakukuwa na njia nyingine, kwamba amekuwa hatari kwa umma. Huenda walisema kweli. Ila Fred hakuzaliwa anajua kufungua gari.

Utaratibu uliomfikisha huko umekuwepo kwa maandishi. Dume anayevamia hurekodiwa siku kwa siku, hufukuzwa, huwekwa chini ya uangalizi, na akishindikana kibali cha kumuua huombwa. Tangu wakati wa Fred, makumi ya madume wameondoka kwa njia hiyo. Wengine wamekufa bila faili wala kibali, kwa kugongwa na magari, kuraruliwa na mbwa, kunaswa na nyaya za umeme au kupigwa risasi na mtu wa mtaani ambaye hakuonekana na mtu.

Wahenga walishasema ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni. Kule Cape Point kila mtu anamtazama usoni, tena kwa kamera.

Nani anasema nini

Wakazi wa mitaa ya rasi hii, kama Simon's Town, Kommetjie na Scarborough, hawana sauti moja. Yuko anayeishi na nyani mwaka wa ishirini na anaona mtu asiyewataka alipaswa kununua nyumba kwingine. Yuko jirani yake aliyevunjiwa vioo na mabomba ya maji ya mvua, ambaye mtoto wake hawezi kula kibarazani, na ambaye kila akitoka lazima ahakikishe madirisha yote yamefungwa hata joto liwe kali vipi. Wawili hao wamegombana hadi kwenye mikutano ya kata, na ugomvi wao huwa mkali kuliko wa nyani.

Wanaharakati, wakiongozwa na vikundi kama Baboon Matters, wanapinga mauaji. Hoja yao ni kwamba serikali inaua matokeo na kuacha sababu. Takataka zikifungwa vizuri, mbwa wakifungwa, miti ya matunda ikiondolewa kwenye bustani, na walinzi wakiwa wa kutosha, nyani watarudi mlimani wenyewe. Wanasema pia kuwa kumwondoa dume kiongozi huvuruga kundi zima. Dume mgeni akishika usukani huweza kuua watoto wachanga wa mtangulizi wake ili majike warudi kwenye joto haraka. Hilo ni kweli kwa chacma, na ni hoja nzito.

Watafiti wanakubali nusu ya hayo, kisha wanaongeza jambo ambalo wanaharakati hawalipendi. Chui walishatoweka katika rasi hii. Nyani hawana adui isipokuwa binadamu, wanazaana, na makundi yanagawanyika. Wakiachwa bila kutishwa na yeyote, mji utakuwa shamba lao. Lazima awepo wa kuchukua nafasi ya chui.

Nafasi hiyo wamepewa vijana wenye fulana za kazi na bunduki zinazorusha vidonge vya rangi. Wanaamka kabla ya jua, wanafika pale kundi lilipolala, na kutwa nzima wanasimama kati ya kundi na nyumba. Kidonge kinauma, hakiui. Bunduki hizo zilipoanza kutumika mwaka 2012, makundi mengi yalianza kutumia sehemu kubwa ya siku nje ya mji, na hata wapinzani waliona tofauti. Wapinzani haohao wanauliza kama kumpiga mnyama vidonge kila siku ya maisha yake ni uhifadhi au ni ukatili wenye bajeti. Mimi nilikaa na swali hilo kwa muda. Nadhani ni afadhali kuliko sindano, na sidhani kama ni jambo la kujivunia.

«Lazima awepo wa kuchukua nafasi ya chui.»

Pipa la Ocean View

Magazeti ya Cape Town yanapoandika habari za nyani, picha huwa ni za nyumba zenye bwawa la kuogelea. Kuna upande mwingine wa kilima.

Mwaka 1967 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza Simon's Town kuwa eneo la Wazungu. Familia ambazo babu zao walijenga mji huo, wavuvi, mafundi wa bandari, Waislamu waliokuwa na msikiti wao pale, walihamishwa. Wengi walipelekwa nyuma ya mlima, kwenye mtaa mpya ulioitwa Ocean View. Aliyeuita hivyo alikuwa na roho mbaya au hakuwahi kufika, maana watu walitolewa kwenye bahari wakapelekwa mbali nayo.

Leo nyani wa kundi la Slangkop hupita Ocean View wakienda na kurudi kati ya mlima na Kommetjie. Nyumba ni za kubanana, nyingine zina vibanda vya mabati uani vyenye familia ya pili. Dirisha lisilofungika vizuri halitengenezwi kwa sababu nyani kapita. Mkate ukichukuliwa mezani saa moja asubuhi, watoto wanaenda shule bila kula. Yule wa nyumba ya bwawa atapiga simu kwa namba ya dharura na kuandika barua ya malalamiko yenye kurasa tatu. Huyu atachukua jiwe.

Ndiyo maana suala linaloonekana dogo kuliko yote, pipa la taka, kwangu ni zito kuliko bunduki za rangi. Pipa lenye kufuli ambalo nyani hawezi kulifungua limeshabuniwa na linafanya kazi. Linahitaji kununuliwa, linahitaji kukarabatiwa kufuli likiharibika, na gari la taka linahitaji kuja siku iliyopangwa. Pipa likijaa hadi kifuniko kikaachama, kufuli halina maana. Mtaa mmoja wenye mapipa mabovu unatosha kuharibu kazi ya mitaa mitano, kwa kuwa kundi ni lilelile.

Kesi ya mwaka 2020

Mgogoro ulifika mahakamani kwa ajili ya dume mmoja. Aliitwa Kataza, wa kundi la Slangkop, na kosa aliloshukiwa ni kujikusanyia majike wachache na kuwaongoza kwenda mjini. Agosti 2020 jiji lilimkamata na kumhamishia Tokai, upande mwingine wa milima, likitumaini atajiunga na makundi ya huko.

Hakujiunga. Alionekana akizurura peke yake, akivuka barabara na kukatiza bustani za watu. Watu waliandamana, waraka wa kumtetea ukasambazwa, mawakili wakaingia. Novemba mwaka huohuo alirudishwa kwao. Kwa miezi hiyo mitatu jiji zima, lenye matatizo yake mengi na katikati ya korona, lilimjua nyani mmoja kwa jina. Wakazi wa Ocean View wana haki ya kuuliza ni lini mtaa wao ulipata mawakili wengi kiasi hicho.

Kesi ile ilifichua pia udhaifu wa zamani. Mnyama pori asiye ndani ya uzio hana mwenyewe kisheria, hivyo jiji, mamlaka ya hifadhi za taifa ya SANParks, na mamlaka ya uhifadhi ya jimbo, CapeNature, kwa miaka walikuwa wakirushiana mzigo. Nyani akiwa mlimani ni wa hifadhi, akivuka barabara ni wa jiji, kibali cha kumgusa ni cha jimbo. Hatimaye taasisi hizo tatu ziliunda timu ya pamoja, na mwaka 2023 zikatoa mpango mkakati mmoja. Ni hatua. Karatasi ipo, fedha ndiyo mjadala.

Msomaji asiione hii kuwa habari ya ng'ambo. Kwenye barabara kuu inayokatiza Mikumi, abiria wa mabasi hurusha maganda ya ndizi na chupa zenye soda kidogo. Karibu na Gilgil, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, nyani hukaa pembeni mwa lami wakisubiri madirisha yafunguke.

Uzio na mlango wake

Dawa inayozungumzwa zaidi sasa ni uzio. Kaskazini mwa rasi, katika mtaa wa Zwaanswyk jirani na Tokai, uzio wa umeme uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya nyani umefanya kazi. Kundi linakula upande wake, watu wanakula upande wao, na hakuna anayehitaji kumpiga mwenzake vidonge. Wakazi wa mitaa mingine wanautaka, na watafiti wanauunga mkono.

Kuna wanaoupinga. Uzio unakata njia za kobe na wanyama wadogo wengine, unaharibu mandhari ambayo ndiyo iliyowaleta watu hapa, na unahitaji mtu wa kuutembelea kila siku kufyeka na kuondoa matawi yaliyougusa. Kuna suala la nani yuko ndani. Mtaa wenye fedha ukijizungushia uzio, kundi halipotei, linahamia mtaa unaofuata. Ukitaka uzio wa haki lazima uanzie kwenye mitaa isiyoweza kuulipia, na sijaona mahali serikali za mitaa zilipoanza kutoka huko.

Simon's Town ina tatizo lake la pekee. Mji umebanwa kati ya mlima na bahari, na barabara ya M4 inaupita kwa urefu wake wote kabla ya kuendelea kusini kuelekea lango la hifadhi. Uzio wowote utakaojengwa kuuzunguka utalazimika kuachwa wazi pale barabara inapokatiza, na uwazi huo hauwezi kufungwa mchana, kwa kuwa ndiyo njia ya mabasi yanayokwenda Cape Point, yakiwa na watalii na vikapu vyao vya chakula cha mchana.